Domeni ya .com imeitangulia alama yetu BRELA: je, cheti kinatosha kuichukua?

#1 Mzigo_wa_Bara
Wakuu, salaam. Naomba tulichambue hili kisheria na kiufundi.

Kuna kampuni ya vifurushi Dar. Jina lake ni neno la kawaida la Kiswahili. Hapa tuliite Mbayuwayu, silo lenyewe. Ilianza kutumia jina hilo Juni 2017. Ombi la alama ya biashara liliwasilishwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, tarehe 12 Machi 2020, daraja la 39 la usafirishaji, na cheti kimeshatoka. Domeni mbili (anwani za tovuti) zenye jina hilo haziko mikononi mwake:

Ya .com: rekodi inaonyesha iliundwa tarehe 9 Novemba 2016, mmiliki amefichwa. Kuanzia 2017 hadi 2021 ilikuwa na kurasa za watazama ndege. Tangu Februari 2022 ina viungo vya matangazo ya kutuma mizigo, na bango kwamba inauzwa dola 8,000.

Ya .co.tz: ilisajiliwa 2021 na aliyekuwa wakala wa Mwanza. Mkataba wake uliisha 2023, lakini bado anapokea mizigo kwa jina lile lile.

Dai langu: mwenye cheti ndiye mwenye jina, hivyo zote mbili zirudi kwake. Kama nakosea, nakosea wapi?

#2 Seva_ya_Usiku
Domeni ni ya aliyewahi. Msajili, yaani kampuni inayouza domeni, hakagui alama za biashara za nchi yoyote anapopokea oda. Anaangalia kama jina liko wazi na kama malipo yamepita. 2016 iko mbele ya 2020. Hapo kwenye .com hakuna kesi.

#3 Bi_Hati
Mzigo_wa_Bara, unakosea kwenye neno "zirudi". Hazijawahi kuwa za kampuni.

Kwa .com kuna UDRP, sera ya kutatua migogoro ya domeni, ambayo ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, iliipitisha 1999. Kila anayesajili .com anakuwa amekubali sera hiyo ndani ya mkataba wake na msajili, hata kama hakuisoma. Mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu, yote kwa pamoja:

1. Domeni inafanana na alama ambayo yeye ana haki nayo, kiasi cha kuwachanganya watu.
2. Mmiliki wa domeni hana haki wala maslahi halali katika jina hilo.
3. Domeni ilisajiliwa NA inatumika kwa nia mbaya.

Cheti cha BRELA kinakuvusha kwenye la kwanza. Basi. Hapo hawaangalii daraja wala nchi ya cheti. Vita vyote viko la pili na la tatu, na hiyo "na" ya la tatu ndiyo imewaangusha wengi: aliyesajili kwa nia safi akaja kuharibu baadaye, kwa kawaida UDRP haimkamati.

Kwa hiyo Seva_ya_Usiku hakosei sana kwenye tarehe. Anakosea akidhani kuwahi pekee kunatosha.

#4 Nahodha_254
Bi_Hati amesema vizuri, niongeze kuhusu lile neno la kawaida. Mbayuwayu ni ndege. Mtu aliyeweka kurasa za ndege kwenye domeni ya jina la ndege ana maslahi halali kabisa, kwa sababu analitumia neno kwa maana yake ya kamusi. Mwanamuziki Sting alishindwa kesi ya sting.com mwaka 2000 kwenye usuluhishi wa WIPO, shirika la miliki bunifu duniani, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba neno lenyewe ni la kawaida katika Kiingereza. Jina lingekuwa la kubuni, herufi zisizo na maana popote, hoja ingebadilika.

#5 MwanaUnguja
Assalaam aleikum. Huo ndio ugonjwa wa maneno yetu. Disney wana usajili wa "Hakuna Matata" Marekani, waliuomba 1994 na kuupata 2003, kwa ajili ya fulana. Watu walipokuja kulishtukia 2018 kelele zikajaa mitandaoni. Jee, kwa usajili ule wanaweza kumnyang'anya mwenye nyumba ya wageni Nungwi domeni yenye maneno hayo?

#6 Bi_Hati
Kwa la kwanza wangepita. La pili na la tatu wangekwama, maana mwenye nyumba ya wageni anayatumia maneno kwa maana yake na wala hauzi fulana. Alama haifuti lugha. Inazuia matumizi yanayomdanganya mteja kuhusu nani anauza.

#7 Nahodha_254
Na kikoi je? Kampuni ya Uingereza iliomba kusajili "Kikoy" kule kwao, Wakenya na washirika wao wakapinga, na ombi likaachwa mwaka 2008. Somo ni pingamizi. Tangazo likitoka kwenye jarida la alama, Kenya siku 60, Tanzania siku 60. Ukingoja hadi mtu asajili domeni juu ya cheti kile, umeshachelewa hatua mbili.

#8 Seva_ya_Usiku
Turudi kwa mbayuwayu kabla hatujaruka naye.

Mbona hakuna anayeuliza kilichotokea Februari 2022? Kurasa za ndege zimetoka, matangazo yameingia. Mzigo_wa_Bara, tazama historia: msajili alibadilika? Seva za majina, zinazoelekeza domeni kwenye tovuti yake, zilibadilika?

#9 Mzigo_wa_Bara
Vyote viwili vilibadilika, ndani ya wiki moja Februari 2022. Tarehe ya kuundwa imebaki 9 Novemba 2016.

#10 Kitasa
Basi jibu limepatikana. Tarehe ya kuundwa haijabadilika, mmiliki ni yule yule. Alihamia kwa msajili wa bei nafuu, akachoka na ndege, akaweka matangazo. Mlalamiko utakufa.

#11 Fundi_DNS
Kitasa, hapana. Hilo kosa linafanywa sana na linapoteza pesa za watu.

Tarehe ya kuundwa inaanza upya ikiwa tu domeni imefutwa kabisa kwenye rejista kuu na kusajiliwa tena. Kwa .com mlolongo uko hivi: muda ukiisha, msajili ana hadi siku 45 za kuishikilia. Akiifuta, inaingia siku 30 za kukombolewa, ambapo mwenyewe anaweza kuirudisha kwa ada kubwa. Halafu siku 5 za kusubiri kufutwa. Jumla siku 80. Domeni ya tarehe 9 Novemba ikiisha 2021, siku ya 80 ni 28 Januari 2022. Ingepita njia hiyo, tarehe ya kuundwa ingekuwa mwishoni mwa Januari 2022 au baadaye.

Lakini wasajili wengi hawafiki huko. Ndani ya zile siku 45 wanaipeleka mnadani, mshindi anakabidhiwa, na tarehe ya kuundwa inabaki ile ya 2016. Hata kuuziana mtu na mtu hakuigusi. Kwa hiyo 2016 inakwambia umri wa domeni. Umri wa umiliki haukwambii.

#12 Bi_Hati
Na hapo ndipo kesi inapofufuka. Kwenye UDRP, mmiliki mpya akiipata domeni, siku aliyoipata ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kusajili. Ikiwa imebadilika mikono Februari 2022, alama ina karibu miaka miwili na jina limetumika tangu 2017. Nia mbaya inawezekana: matangazo ya biashara ile ile yanayomvuta mteja aliyechanganyikiwa, na kuiuza kwa bei inayozidi gharama alizotumia kuipata.

Ila kuhuisha kila mwaka hakuhesabiwi kuwa usajili mpya. Mmiliki akiwa yule yule wa 2016, hata angehuisha mara kumi baada ya cheti, tarehe yake ni 2016, kabla kampuni haijazaliwa. Huwezi kumlenga mtu ambaye hayupo.

#13 Kitasa
Nimekubali kuhusu tarehe ya kuundwa. Lakini Fundi_DNS, mnada wako una tatizo. Domeni ya mnadani hubaki kwa msajili aliyeinadi. Hii ilihamia kwa msajili mwingine. Na tangu Desemba 2016 kuna kufuli ya siku 60: jina la mmiliki likibadilishwa, domeni haihami kwa msajili mwingine mpaka siku hizo zipite. Aliyeichukua mwishoni mwa Desemba au Januari angewezaje kuihamisha mapema Februari?

#14 Fundi_DNS
Swali zuri. Kufuli ile ina mlango: msajili anaweza kumruhusu mmiliki kuikataa kabla mabadiliko hayajafanyika, na wapo wanaoruhusu. Pia inawezekana waliuziana kwa kuhamisha kwanza kwa msimbo wa uhamisho (nywila inayoruhusu domeni kwenda kwa msajili mwingine), na jina likabadilishwa upande wa pili. Hapo kufuli haikuwahi kugusa.

Lakini nakiri, uhamisho wa msajili unaipunguzia nguvu hoja ya mnada.

#15 Ngano_Bukoba
Kuna uwezekano wa tatu mmeusahau. Kuna kampuni za matangazo ambazo ukiwakabidhi domeni isiyotumika, wao ndio wanachagua viungo kwa mashine, kulingana na wanachotafuta watu. Watu wa Tanzania wakiandika Mbayuwayu wanatafuta vifurushi, mashine inaweka vifurushi. Mmiliki anaweza kuwa mtazama ndege wa 2016 ambaye hajui lolote.

#16 Bi_Hati
Kutojua hakumwokoi kwenye matumizi. Waamuzi wameshikilia kwamba mwenye domeni anawajibika kwa kinachoonekana juu yake hata kama kimewekwa na mashine. Kinachomwokoa ni ile tarehe ya 2016. Tunarudi pale pale: je, ilibadilika mikono?

#17 Mzigo_wa_Bara
Shukrani wakuu. Mmiliki amefichwa. Hilo nitalijuaje bila kulalamika?

#18 Fundi_DNS
Tangu Mei 2018, sheria ya faragha ya Ulaya ilipoanza, majina mengi yamefichwa. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Nunua historia ya rekodi za umiliki ya kabla ya Mei 2018. Kampuni zinazoiuza zipo. Utajua mmiliki wa 2016 ni nani, au angalau yuko nchi gani.

Chukua historia ya seva za majina. Ukiona domeni ilipita kwenye seva za mnada hata kwa siku mbili, hiyo ni alama ya kidole.

Fungua nakala za Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za wavuti, za Novemba 2021 hadi Machi 2022, moja moja. Tafuta ukurasa wa "muda wa domeni hii umekwisha". Ukiuona, nadharia ya mtazama ndege kuhamia tu kwa msajili mwingine inapata ufa, ingawa anaweza kuwa alichelewa kulipa akaikomboa.

Angalia rekodi za barua pepe, zile zinazoonyesha seva inayopokea barua pepe za domeni. Zikiwa ni zile zile kabla na baada ya Februari 2022, mmiliki huenda hajabadilika.

Kila picha ya skrini iwe na tarehe na anwani kamili inayoonekana juu.

#19 Bi_Hati
Niongeze: ukilalamika jina litatoka. Mtoa huduma ya usuluhishi anamwandikia msajili, na msajili ana siku mbili za kazi kutoa jina la mmiliki na kuifunga domeni isihamishwe. Kisha unaruhusiwa kurekebisha mlalamiko. Ukigundua ni yule wa 2016, unaweza kuuondoa. WIPO ada ni dola 1,500 kwa domeni moja hadi tano na mwamuzi mmoja. Ukijiondoa kabla mwamuzi hajateuliwa unarudishiwa 1,000. Kwa hiyo bei ya kujua ukweli ni dola 500 na kazi ya kuandika.

#20 Seva_ya_Usiku
Dola 500 kwa kujua jina la mtu. Historia ya rekodi ni rahisi zaidi. Na kama mlalamiko umeandikwa vibaya ukafika kwa mwamuzi?

#21 Bi_Hati
Ndiyo hatari yenyewe. Mwamuzi akiona mlalamikaji alijua, au alipaswa kujua, kwamba domeni ni ya zamani kuliko alama na bado akalazimisha, anaweza kuandika kwamba huo ni utekaji wa domeni kinyumenyume, yaani kutumia mlalamiko kumnyang'anya mwenye domeni halali. Hakuna faini. Lakini uamuzi unachapishwa na jina la kampuni yako linabaki pale.

Na msidhani mlalamikiwa akinyamaza mmeshinda. Ana siku 20 za kujibu, anaweza kuomba nne zaidi, na hata asipojibu bado mlalamikaji anathibitisha yote matatu. Ushindi ni kuhamishiwa domeni au kufutwa kwake. Fidia hakuna. Anayetaka fidia aende mahakamani. Marekani sheria yao ya 1999 inaruhusu dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila domeni.

#22 Nahodha_254
Mahakamani pia kuna upande wa pili. Nissan.com: Mmarekani mzaliwa wa Israeli, biashara yake ya kompyuta huko Raleigh, alisajili jina hilo 1994 kwa sababu ndilo jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ilimshtaki Desemba 1999. Kesi ilikula miaka, na domeni ikabaki kwake. Aliitwa Uzi Nissan. Uzi wake ulikuwa mrefu kuliko huu.

#23 Kitasa
Hahaha, Nahodha umetisha. Ila iseme yote: mahakama ilimzuia kuweka matangazo ya magari. Angeweka matangazo kama ya huyu wa vifurushi, hali yake ingekuwa mbaya zaidi. Hiyo inamsaidia Mzigo_wa_Bara kidogo.

#24 Kalamu_ya_Goma
Jambo kwenu wote. Ninyi wa Tanzania mmeisahau ile .co.tz. Huku kwetu Kongo, .cd inakwenda WIPO kwa masharti ya UDRP, kwa hiyo tunatumia vipimo vile vitatu. Lakini domeni za nchi hazifanani. Kwa .eu sera inasema "au": ilisajiliwa AU inatumika kwa nia mbaya. Neno dogo lakini linageuza kesi nzima. Someni sera ya nchi husika kwanza.

#25 Bi_Hati
Kweli kabisa. Wakala wa Mwanza alisajili 2021 akiwa na mkataba hai. Kwa kipimo cha "na", atasema alisajili kwa ruhusa. Kwa kipimo cha "au", anachofanya tangu 2023 kinatosha kumhukumu. Mzigo_wa_Bara, pakua sera ya migogoro ya .tz toleo linalotumika leo na utafute neno hilo kabla hujaandika mstari wowote.

Kuhusu wakala, vipimo vinavyotumika sana ni vya kesi ya Oki Data ya 2001. Muuzaji anaweza kuwa na domeni yenye alama ya mwingine ikiwa kweli anauza bidhaa au huduma hiyo, anauza hiyo tu, anaeleza wazi uhusiano wake na mwenye alama, na hajahodhi majina yote. Huyu mkataba umekwisha na bado anajitambulisha kwa jina lile. La uhusiano peke yake linamwangusha.

#26 MwanaUnguja
Tena hapo kuna jambo la Muungano. Cheti cha BRELA ni cha Bara. Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, na sheria yake. Kampuni ikipeleka vifurushi Unguja na Pemba bila ya usajili wa huku, wakala akihamia Malindi ya Unguja atawaambia nionesheni cheti cha Zanzibar. Kwenye UDRP kipimo cha kwanza hakijali nchi, sawa, lakini mahakamani kinajali.

#27 Ngano_Bukoba
Na mkataba wa wakala unasemaje kuhusu domeni? Kama kuna kifungu kwamba mkataba ukiisha anarudisha kila kitu chenye jina la kampuni, njia fupi ni madai ya mkataba. Usuluhishi wa domeni unapenda kesi nyepesi. Wakiona ugomvi wa biashara wenye mikataba na hesabu za mizigo ndani, wanasema nendeni mahakamani.

#28 Fundi_DNS
Ndivyo inavyokuwa pia kwa domeni zilizosajiliwa kwa jina la fundi wa tovuti, tatizo kubwa kuliko yote hapa kwetu. Kampuni inamlipa fundi, fundi anaweka jina lake na barua pepe yake binafsi, wanakosana kuhusu salio, domeni inabaki kwake. Fundi alisajili kwa idhini, kwa hiyo nia mbaya ya siku ya kwanza haipo, na waamuzi wengi wanaliita deni. Kinga ni ya bei rahisi: jina la mmiliki liwe la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, barua pepe iwe ya ofisi na isitegemee domeni hiyo hiyo, uhuishaji uwe wa kujiendesha, na .com unaweza kuilipia hadi miaka 10 mbele.

#29 Kitasa
Kwa .com mimi ningenunua. Dola 8,000 ni bango tu, siyo bei.

#30 Bi_Hati
Akinunua, asiandike barua pepe ya "mnauza bei gani" kutoka anwani ya kampuni. Bei ikitajwa kwa sababu wewe umeuliza, thamani yake kama ushahidi inashuka. Bango lililopo tayari ni ushahidi mzuri zaidi. Lipigwe picha leo, kabla ya mazungumzo yoyote. Na malipo yapitie kwa mtu wa kati anayeshikilia fedha hadi msimbo wa uhamisho ufanye kazi.

Barua ya onyo nayo ina pande mbili. Chochote anachoanzisha baada ya kuipokea hakihesabiki kuwa biashara halali iliyotangulia mgogoro. Lakini inampa pia muda wa kuihamisha domeni kwa mtu mwingine au kusafisha ukurasa.

#31 Seva_ya_Usiku
Akiihamisha kwa mtu mwingine baada ya barua, si ndiyo tarehe mpya ya kupata? Atakuwa amejifunga mwenyewe.

#32 Bi_Hati
Ikithibitika ni mtu mwingine kweli. Kama ni kampuni yake nyingine na mnyororo wa umiliki haukukatika, atadai tarehe ya 2016 inaendelea. Waamuzi wamewahi kukubali hivyo pale uhamisho haukuwa wa kuficha utambulisho.

#33 Mzigo_wa_Bara
Nimepitia nakala za Wayback Machine. Ya 14 Novemba 2021: ndege. Ya 3 Desemba 2021: ukurasa mweupe, hakuna maandishi. Inayofuata ni 19 Februari 2022: matangazo. Rekodi za barua pepe zilikuwepo hadi Novemba 2021, baadaye hakuna.

#34 Kitasa
Ukurasa mweupe ni mkataba wa seva ulioisha, si lazima domeni. Watu wanalipia domeni na kusahau seva.

#35 Fundi_DNS
Inawezekana. Lakini barua pepe nayo ilikatika mwezi ule ule, na domeni ilikuwa imefika tarehe yake 9 Novemba. Tarehe 14 ndege bado walikuwepo, yaani siku tano baada ya muda kuisha, na wasajili wengine huacha tovuti iendelee siku kadhaa kabla ya kuikata. Mimi bado naona mnada. Tazama msimbo wa ukurasa ule mweupe, usitazame sura yake tu: ukikuta jina la msajili ndani, ni muda wa domeni ulioisha. Ukikuta ujumbe wa kosa la seva, Kitasa ana hoja.

#36 Nahodha_254
Na uangalie tarehe ya kuisha iliyopo sasa. Uhamisho wa msajili kwenye .com kwa kawaida unaongeza mwaka mmoja. Miaka isipolingana na hesabu ya 2016, utajua kama ilihuishwa kabla ya kuhama.

#37 Mzigo_wa_Bara
Msimbo una mstari mmoja tu, jina la seva ya kampuni ambayo inauza seva na pia inasajili domeni.

#38 Kitasa
Haya sasa.